Mgonjwa wa Mtihani

Mwanafunzi wa tatu asubuhi ile alikuja na soda. Wa kwanza alikuja na maneno matamu, wa pili na machungwa mawili mfukoni mwa koti, lakini huyu wa tatu, mwenye miwani minene kama vitako vya chupa, alileta soda ya baridi bado inatoka jasho, akaiweka juu ya kabati la kitanda namba kumi na moja kwa adabu ya mtu anayepeleka posa.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," alijibu Fundi, mume wa mgonjwa, macho yakiwa kwenye soda. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, baba. Nimekuja kuwajulia hali tu."

"Unatufahamu?"

"Hapana, ila..."

"Basi hali yetu ni nzuri. Kwaheri."

Mkewe alicheka kwa pua, ameegemea mto. Mtaani walimwita Bi Sanduku, kwa sababu siri ukimpa haitoki mpaka uje mwenyewe kuidai. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wameweka kwake mambo ya waume zao, na baadhi ya waume nao wameweka ya kwao, na mpaka leo hakuna ndoa iliyovunjika kwa mdomo wake.

Miwani hakukata tamaa. Alichutama kando ya kitanda, akanong'ona. "Mama, neno moja tu. Moyo au mapafu? Tikisa kichwa tu, utakuwa hujasema kitu."

"Mwanangu," alisema Bi Sanduku, "wewe ndiye daktari. Kasome."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Miwani akasimama, akaivuta soda yake nusu, akaona haya, akaiacha. Fundi aliifungua kwa meno kabla kijana hajafika mlangoni.

Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wanafanya mtihani wao wa mwisho, ule wa kumpima mgonjwa wa kweli mbele ya watahini na kutaja ugonjwa wake. Profesa alikuwa amechagua wagonjwa sita, na wa kwanza wao ni Bi Sanduku. Vali ya moyo wake ilikuwa imekakamaa, na kila ulipopiga ulitoa mlio ambao Fundi, aliyeishi kwa kutengeneza masofa na viti, aliufananisha na kiti kinachokokotwa sakafuni. Profesa aliusikiliza, akafumba macho kama anayeonja asali. "Mlio safi kabisa," alisema. "Vitabu vinautamani."

Alhamisi iliyopita alikuja mwenyewe, bila msafara, akakaa kitandani. Alisema upasuaji wa vali hufanywa na madaktari wageni wanaokuja mara moja kwa mwaka, kwamba orodha ni ndefu, lakini mtu anayekisaidia chuo, chuo nacho hakimsahau. Kisha akatoa masharti. Mafaili ya wagonjwa sita yangefungiwa kabatini ofisini kwake mpaka mtihani uishe, maana wanafunzi ni wezi. "Watakuja kuwachokonoa," alisema. "Msiwaambie ugonjwa wala dawa. Mtu yeyote mwenye koti jeupe akiuliza, jibu lenu ni moja tu: wewe ndiye daktari. Hata akilia."

"Hata akilia," aliitikia Bi Sanduku, na ikawa imeingia sandukuni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mkono mtupu haulambwi, na wao hawakuwa na kitu kingine cha kuweka mkononi ila moyo mbovu. Mwaka jana watu hawahawa wa chuo walikuja sokoni na hema na vipaza sauti, bango limeandikwa CHUO NI CHENU, wakawapima watu presha, wakausikia moyo wa Bi Sanduku. Tangu hapo Fundi aliacha kuhesabu wanafunzi walioweka masikio juu ya kifua cha mkewe. Tarehe ya upasuaji hakuipata hata moja.

*

Saa tisa mchana ule kiuno cha Bi Sanduku kilimkamata. Fundi hakushangaa. Alikuwa amelibonyeza lile godoro siku ya kwanza na kidole chake kikagusa chuma cha kitanda.

"Sponji limekufa," alimwambia muuguzi. "Hili si godoro, ni shuka nene."

Muuguzi alikuwa ameazimwa kutoka wodi ya watoto kwa siku mbili. Sista, mkuu wa wodi, aliyezijua dawa za kila mgonjwa kwa kichwa, alikuwa mapumzikoni, na kichwa chake kimeenda naye. Huyu wa kuazimwa alikuwa na karatasi moja tu ya vidonge vya asubuhi, na alikuwa ameshavigawa na kuitupa. Akamwita daktari wa zamu.

Akaja kijana mwembamba, koti linampwaya, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Fundi alimtazama kutoka viatuni mpaka nywele, akamgusa mkewe begani.

"Wamebadilisha mbinu. Huyu hata soda hana."

"Pole, mama," alisema kijana. "Umelazwa kwa tatizo gani? Faili lako silioni."

"Hulioni kwa sababu limefichwa," alisema Fundi, "na limefichwa kwa sababu yenu."

"Baba, mimi ni daktari wa zamu."

"Na mimi ndiye mkurugenzi wa hospitali. Karibu, vua viatu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa na nyuzi tumboni, alicheka huku amezishika nyuzi zake. Kijana hakucheka. Alimgeukia muuguzi, muuguzi akainua mabega. Akatoa simu, akaiweka sikioni, akasubiri, akairudisha mfukoni. "Profesa kazima," alisema kama anayeongea peke yake. Kisha akamshika Bi Sanduku mkono.

"Mama, nakuomba. Kuna dawa yoyote unatumia? Ya presha? Ya sukari? Ya damu?"

Bi Sanduku alimtazama. Kila asubuhi alimeza kidonge cha kuzuia damu isigande, na hilo alilijua kama alivyojua majina ya wanawe. Midomo yake ilifunguka kidogo. Ndipo Fundi akakohoa.

"Wewe ndiye daktari," alisema Bi Sanduku taratibu, kwa huruma kabisa, kama anayemnyima mtoto pipi kwa faida yake.

Mlangoni mtu alipiga kelele: "Daktari! Wodi ya wazazi, haraka, mama anatoka damu!" Wodi nne zilikuwa zake peke yake mchana ule. Kijana alisimama, mkono umeshika kile kifaa cha kusikilizia kilichoning'inia shingoni, na laiti angekiweka kifuani kwa Bi Sanduku hata kwa pumzi mbili, moyo wenyewe ungemwambia. Hakukiweka. Aliandika haraka sindano moja ya maumivu na vidonge vya kumeza siku mbili, akaondoka mbio.

Jioni Fundi alisimulia karakanani, akiigiza sauti na macho mekundu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Daktari wa zamu!" walirudia. "Fundi, wewe ungepewa udaktari!"

*

Jumatatu mlinzi alimfukuza Fundi mahali patatu. Kwanza mlangoni mwa chumba cha mtihani: "Mzee, usisimame hapa." Kisha kwenye benchi la koridoni: "Hilo la wafanyakazi." Kisha kwenye ngazi: "Unaziba njia." Fundi alizunguka, akarudi, akazunguka tena. Kukaa kulikuwa kumemshinda tangu alfajiri. Mkewe aliamka na tumbo linamuuma na uso umepauka, akasema ni njaa ya asubuhi tu. Walimvisha gauni jipya la hospitali wakampeleka kwa kiti cha magurudumu kama bibi harusi.

Ndani, wagonjwa sita walilazwa nyuma ya mapazia sita. Kengele ikilia, mwanafunzi anaingia. Ikilia tena, anatoka. Mwanafunzi wa nne alikuwa Miwani. Bi Sanduku alimtambua, akamkonyeza. Miwani aliinama, akasikiliza, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyeona nyumba yao kwa mbali.

"Ni vali," alisema. "Ni vali ya..."

Bi Sanduku aligeukia upande wake na kutapika. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kisha kikawa chekundu.

Fundi alisikia kelele akiwa kwenye ngazi. Alipita chini ya mkono wa mlinzi. Mapazia yalikuwa yamevutwa wazi, na mkewe amelala ubavu, kichwa chake juu ya paja la Miwani, ambaye koti lake jeupe halikuwa tena na rangi ya kuitwa jeupe. Mtahini mgeni, mzee wa tai, alikuwa bado ameshika saa mkononi. Profesa alipiga magoti.

"Anatumia dawa ya kuzuia damu isigande," alisema. "Nani kampa nini juu yake?"

Wakapekua. Katika fundo la mtandio wake walikuta kipakiti cha vidonge vya maumivu, vimebaki viwili. Profesa alikisoma, akakitia mfukoni mwake haraka. Fundi aliuona mkono ule ukiingia mfukoni. Siku zote zilizofuata aliuona.

Kengele ikalia. Mwanafunzi wa tano akachungulia, akauliza kama aingie.

*

Benki ya damu ilikuwa na chupa mbili na mgonjwa alihitaji tano. "Ndugu walete," alisema mtu wa dirishani bila kuinua kichwa. Fundi akanyoosha mkono wake, wakampima, wakamwambia damu yake haimtoshi hata yeye mwenyewe.

"Basi niuzieni."

"Damu haiuzwi, mzee."

"Sasa ninyi hapa dirishani mnakaa mnafanya nini?"

Alikuwa akipanga kwenda mtaani, akihesabu nani ana mwili na nani ana moyo, maana wawili hao ni nadra kukutana, alipoona mstari nyuma yake. Walikuwa wanafunzi. Miwani alikuwa wa kwanza, amevua koti, shati limejaa madoa. Nyuma yake yule wa machungwa, yule wa maneno matamu, na wengine ambao Fundi aliwahi kuwafukuza kwa majina mabaya. Hakuna aliyemtazama usoni. Walinyoosha mikono mmoja mmoja.

"Na mtihani wako?" Fundi alimuuliza Miwani.

"Muda uliisha."

"Ulikuwa unalijua jibu?"

"Nililijua," alisema Miwani, akageuza uso sindano ilipoingia.

*

Jumatano damu ilikuwa imesimama na Bi Sanduku alikuwa anakunywa maji kwa kijiko. Fundi akaitwa ofisini.

Palikuwa na Mkurugenzi, mwanamke mwenye sauti ya upole kama ya mtu anayekuvua kiatu ili akuibie. Palikuwa na Profesa, anatazama dirishani. Na katibu mwenye kalamu. Fundi alikaa kwenye sofa na matako yake yakasoma kila kitu kabla masikio hayajaanza: ngozi ya bandia, sponji la chini kabisa, kamba za ndani zimeachwa mbilimbili badala ya nne. Aliyepewa kazi hii alikula pande zote mbili.

"Baba, tunasikitika sana," alisema Mkurugenzi. "Kulitokea mwanya wa mawasiliano."

"Mwanya wa upana gani?"

"Samahani?"

"Endelea, mama."

Walikuwa wameandaa karatasi. Katibu alitaka kumsomea, Fundi akasema anajua kusoma, kwa hiyo wakamngojea asome kwa kidole, neno kwa neno, huku Mkurugenzi akitazama saa kwa siri. Karatasi ilisema kwamba daktari wa zamu alimwandikia mgonjwa dawa bila kuuliza dawa nyingine anazotumia. Chini paliachwa nafasi ya sahihi ya mume. Palipotakiwa neno kabati, hapakuwa na kabati. Palipotakiwa Profesa, palikuwa na "utaratibu wa kawaida."

"Huyu kijana atakuwaje?" aliuliza Fundi.

"Hatua za kinidhamu. Leseni yake itasimamishwa. Hilo lisikusumbue." Mkurugenzi alisogea mbele. "La muhimu ni mama. Madaktari wageni wanaingia wiki ijayo. Wana nafasi sita. Profesa angependa mama awe mojawapo, akishapata nguvu. Ila tukiwa na shauri ambalo halijafungwa, bima haziruhusu, unaelewa. Chukua karatasi, ukaitafakari. Kesho saa nne."

Fundi aliikunja mara nne. Miaka yote alikuwa akitafuta mkubwa wa kumlaumu, na sasa wakubwa wamekaa mbele yake kwa mstari, wanamkabidhi mdogo.

*

Daktari wa zamu alikuwa amekaa kwenye bomba la maji nyuma ya jiko la hospitali, bila koti. Bila koti alionekana mtoto wa mtu tu. Fundi alitaka kupita, lakini kijana alisimama.

"Shikamoo, baba. Sikuja kukuomba kitu."

"Vizuri, maana sina."

"Nataka kujua tu." Alitafuta maneno. "Nilikuuliza vibaya? Ningeulizaje?"

"Ungeuliza kama daktari!" alifoka Fundi. "Unakuja umekonda kama ufagio, macho kama mlevi, nani angekuamini? Kifaa kiko shingoni, hukukiweka kifuani! Ni mkufu ule?"

"Hapo nilikosa," alisema kijana. "Nimeandika hivyo kwenye maelezo yangu. Nilikuwa na saa thelathini sijalala, lakini nilikosa."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Mtu anayekubali kosa lake anamnyima mwenzake pa kushika. Aliondoka akitembea haraka, akazunguka jengo lote, akapita jikoni, akapita chumba cha maiti, akajikuta tena bombani. Kijana alikuwa ameshaondoka.

Wodini alimwonyesha mkewe karatasi na kumweleza yote, pamoja na nafasi sita. Bi Sanduku alifumba macho.

"Aliuliza mara mbili," alisema bila kuyafumbua. Sauti yake ilikuwa kama ya karatasi. "Mara ya pili alinishika mkono."

"Najua."

"Nilitaka kumwambia. Ukakohoa."

Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kumtupia neno zito kuliko hilo, wala hakulitupa. Aliliweka tu pale kitandani kati yao.

"Mama watoto," alisema Fundi, "nikitia sahihi unapasuliwa. Nisipotia, watakuacha ukauke hapa. Unawajua hawa."

"Nawajua."

"Kijana ana miaka ishirini na ngapi, atapata kazi nyingine. Wewe una moyo mmoja."

"Moyo ni wangu, baba watoto. Ukitengenezwa kwa uongo nitakuwa naubeba uongo huo kila ukipiga." Akapumzika. "Siri za watu nimebeba nyingi. Ya kwetu hii siiwezi. Lakini mkono utakaotia sahihi ni wako, mimi sikushiki."

Fundi alisimama, akakaa, akasimama. Aliirekebisha shuka isiyohitaji kurekebishwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili akamwambia kwa upole, "Fundi, tulia, unatuchosha macho."

*

Saa nne kamili alikuwa kwenye sofa bovu. Alikuwa amevaa shati la kuendea harusi, na mlinzi alimpekua kama kawaida.

"Umetia sahihi, baba?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kuna neno limekosewa."

"Lipi?"

"'Bila kuuliza.' Aliuliza."

Profesa aliacha dirisha.

"Aliuliza mara mbili," alisema Fundi. "Mimi nilimcheka. Mke wangu alitaka kujibu, nikakohoa. Andika hapo: mume alikohoa."

Katibu alimtazama Mkurugenzi. Kalamu haikwenda.

"Mzee," alisema Mkurugenzi, na lile neno baba likawa limeshapotea mdomoni mwake, "ukisema hivyo unajishtaki mwenyewe."

"Najishtaki. Na Profesa naye aingie. Alituambia mtu yeyote mwenye koti jeupe. Hakusema isipokuwa wa zamu. Na faili alilifungia kabatini, na simu akaizima. Na wewe mama uingie, wodi nne kwa kijana mmoja asiyelala ni nani kapanga? Karatasi ni kubwa, tutatosha wote."

"Nilikuwa nalinda mtihani," alisema Profesa. Kwa mara ya kwanza alisema kama mtu. "Wasipopimwa kwa haki, kesho watakuua wao."

"Ndiyo, Profesa. Lakini ulisahau kwamba kitandani palikuwa na mtu."

Mkurugenzi alichukua karatasi, akainyoosha mikunjo kwa kiganja. "Tumekusikia. Utajulishwa."

"Na jina la mke wangu?"

"Orodha inaandaliwa na wataalamu."

"Nisomewe alichoandika katibu."

Katibu akafunga daftari. Hakuwa ameandika kitu. Fundi alitoa kalamu ya mbao anayotumia kupima viti, kubwa kama kidole gumba, akaomba ile karatasi, akainama juu ya meza yao. Akakata maneno "bila kuuliza" kwa mstari mnene. Juu yake, kwa herufi kubwa zilizopinda kama misumari iliyogongwa vibaya, akaandika ALIULIZA. Akaendelea kuandika pembeni, mpaka pembeni pakaisha, akageuza nyuma. Ilimchukua karibu nusu saa. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya, na hakuna aliyempa kiti cha kusogelea meza. Mwisho akatia sahihi, akaondoka.

*

Ijumaa asubuhi Sista alimwita pembeni. Orodha ya watakaopasuliwa na wageni ilikuwa imebandikwa mlangoni pa chumba cha upasuaji. Majina sita.

"Hayupo?" aliuliza Fundi.

"Hayupo. Lakini yule kijana hawajamsimamisha. Wamekwama, karatasi yako imeingia kwenye faili na ina sahihi, haitoki tena." Sista alitazama huku na huku. "Na wageni hawafiki mpaka Jumanne. Profesa ndiye anayependekeza. Anaweza kubadilisha, akitaka."

Saa tatu raundi iliingia. Profesa mbele, Sista na mafaili, wanafunzi wa mwaka unaofuata kumi na wanane nyuma yake kwa makoti mapya yenye mikunjo ya dukani. Walisimama kitanda cha tisa. Walisimama cha kumi, wakaulizana, wakaandika. Kisha Profesa akageuka kidogo, kama mtu anayekwepa dimbwi, na viatu vyake vikaenda moja kwa moja mpaka kitanda cha kumi na mbili.

Wanafunzi wakamfuata. Mmoja wao alichelewesha jicho kwa Bi Sanduku, kisha naye akaenda.

"Profesa," alisema Fundi. "Mmeruka mtu."

"Huyo anaendelea vizuri," alisema Profesa bila kugeuka.

"Umejuaje?"

Kalamu kumi na nane zikasimama. Yule mgonjwa wa nyuzi aliinuka kwa kiwiko ili aone vizuri.

"Mzee, tutazungumza ofisini."

"Ofisini nilishafika. Hapa ndipo sijafika." Fundi hakupaza sauti. "Mwaka mzima mmekuja hapa kujifunza kwake. Kila mtu aliyepita chuo chenu ana mlio wa mke wangu masikioni. Sasa mlio umekuwaje, umeharibika?"

Profesa akamwambia Sista waendelee. Mwendo wa raundi ulikuwa mmoja: kushuka upande huu, kupanda upande ule, kutoka kwa mlango uleule. Fundi alichukua kistuli cha wageni, akakiweka katikati ya njia, mbele ya mlango, akakikalia. Magoti yake yalitaka kuinuka. Akayashika kwa mikono miwili, yakatulia.

Mlinzi alitokea. "Mzee, usi..."

"Hapa siondoki."

Mlinzi akamtazama Profesa, Profesa akatazama saa yake, na wanafunzi kumi na wanane wakamtazama Profesa, kama wanavyotazama siku zote wanapotaka kujua daktari anafanyaje. Mwanafunzi mmoja wa kike, mfupi, aliyekuwa nyuma ya wote, alirudi hatua mbili mpaka kitanda cha kumi na moja. Alitoa kifaa chake shingoni, akapasha kile kiduara cha chuma joto kwa kiganja.

Bi Sanduku akafungua kifungo cha kwanza cha gauni, akalala chali, akangoja.